Sauti Iliyonyolewa Kichwa

Mjomba alikuwa refa wa mpira kabla hajastaafu, na mpaka leo hajui kuendesha kikao kwa namna nyingine. Aliketi katikati ya chumba cha kurekodia, mgongo umenyooka, kiganja kimoja juu ya goti, akawatazama wapwa wake wawili kama watu wanaosubiri kurushiwa sarafu.

"Hakuna kukatana kauli," alisema, "na hakuna wa kuondoka mpaka niseme tumemaliza. Marehemu dada yangu aliniambia kwa kinywa chake kwamba neno la nyumba ameliacha ndani ya mashine. Basi mashine iseme. Itakachosema ndicho kitakachokuwa. Nikishatoka mlango ule, msinifuate na machozi."

Vidole alisogea karibu na kinanda. Jina hilo alibandikwa na wanamuziki wenzake, kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa ikikimbia juu ya kinanda, lakini alasiri hiyo vidole vyenyewe vilikuwa baridi, na kila mara alivifuta kwenye sketi. Nyumba iliyokuwa ikiamuliwa ni hii hii waliyokaa ndani yake, pamoja na chumba hiki cha nyuma alichokigeuza studio kwa kubandika trei za mayai ukutani. Ikiuzwa, mnunuzi angeibomoa. Alikwisha kusema hivyo bila aibu, tena amesimama sebuleni. Vidole hakuwa na pengine pa kulala wala pa kufanyia kazi. Na aliyemleta mnunuzi huyo ni kaka yake wa damu, mshonaji, ambaye tangu siku ya mazishi alikuwa hathubutu kumtazama usoni.

"Iwashe," Mjomba aliamuru.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku pana la chuma, rangi ya jivu, limekazwa kwa skrubu kwenye fremu pamoja na vikorokoro vingine. Wanamuziki huiita sampla. Ilikuwa kuukuu, imepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika hapo, na mbele ilikuwa na kioo kidogo cha kijani, gurudumu moja la kuzungusha na mdomo wa kumezea disketi. Kazi yake ni kula sauti na kuitapika. Unailisha mlio wowote, wa mlango, wa mluzi, wa mama yako mzazi, nayo inautandaza juu ya kinanda kilichoungwa kwa waya. Ukibonyeza katikati unausikia ulivyo. Ukienda kulia unapanda na kukimbia mpaka unakuwa wa kitoto. Ukienda kushoto unashuka na kujikokota mpaka unakuwa wa zimwi. Kumbukumbu yake ni ya sekunde chache tu, na ukiizima inasahau kila kitu. Usipokuwa umehifadhi kwenye disketi, imekula kwako.

Mama aliipenda. Alikuwa mwimbaji enzi zake, na uzeeni Vidole alimnasa humo akiitikia, akamweka kwenye viitikio vya nyimbo chungu nzima. "Niiteni niingie sandukuni," alikuwa akisema, kisha anacheka mpaka anashika mbavu. Kwa hiyo alipozidiwa hakutaka karatasi wala simu. Alitaka aingizwe mle mle. Lakini Vidole hakuwepo. Alikuwa mji mwingine akipiga kinanda hotelini, kila wiki akisema wiki ijayo nitakuja, na alipokuja alikuta watu wamekaa msibani. Aliyemnasa Mama ni kaka yake, kwa maarifa machache aliyofundishwa na mdogo wake.

Disketi ilikuwa na ukungu pembeni. Mashine iliimeza, ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena kwa mlio wa kukwaruza uliomfanya Vidole akunje vidole vya miguu. Kioo kikaandika kwamba imeshindwa kusoma. Kaka mtu akashusha pumzi, na Vidole aliisikia pumzi hiyo vizuri sana. Akaitoa disketi, akaipuliza, akairudisha. Safari hii ikasoma hadi mwisho.

"Asante Mungu," Vidole alisema. "Lakini tusiizime. Sina uhakika kama itakubali tena."

Akabonyeza. Kwa woga alikosea, akagusa upande wa kulia, na Mama akatoka kwa sauti nyembamba ya katuni. Mjomba akaruka kitini.

"Ndiyo nini hiyo? Mnamfanyia marehemu mzaha?"

"Samahani, Mjomba. Mkono umeteleza."

Akabonyeza katikati. Hapo Mama akasema, kwa sauti yake ya kawaida, dhaifu kidogo lakini ya kwake kabisa:

"Mtauza nyumba hii mgawane."

Mjomba akafumba macho. Alikuwa akimpenda dada yake. Basi ndiyo imetoka hiyo, Vidole aliwaza. Mama mwenyewe kasema.

"Imekwisha," kaka mtu alisema haraka. "Tumesikia wote. Zima, twende tukamjibu yule bwana." Akainama kuelekea kwenye soketi.

"Acha!"

Vidole hakujua kwa nini amepiga kelele. Kulikuwa na kitu kimemkwaruza sikioni, akarudia kubonyeza. "Mtauza nyumba hii mgawane." Tena. "Mtauza." Kabla ya neno kulikuwa na kijimlio, tik, kama ukucha kwenye sahani. Na hakukuwa na pumzi. Mama, kama waimbaji wote wa zamani, hakuwahi kusema hata "karibu chai" bila kwanza kuvuta pumzi ya kusikika.

Na mlio ule wa tik Vidole aliujua. Hutokea pale unapoinyoa sauti kichwa. Ndivyo walivyoita wenyewe studioni: mwanzo wa sauti ni kichwa, mwisho ni mkia, na kunyoa ni kusogeza mahali inapoanzia ili isichelewe unapobonyeza. Yeye ndiye aliyemfundisha kaka yake.

"Mjomba, hii imenyolewa."

"Sema lugha ninayoielewa."

"Kuna kitu mwanzoni hatukisikii. Kimefichwa."

"Anatafuta pa kushika tu!" kaka mtu alifoka, na mkono wake ukaifikia plagi. "Yeye alikuwa wapi wakati Mama anasema? Sasa amekuja kutufundisha kusikia?"

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Lakini Mjomba alikwisha kusimama, na kwa sauti ile iliyowahi kunyamazisha viwanja vizima akasema, "Mkono juu! Ukiichomoa hiyo, nitajua ni wewe, na uamuzi wangu utakuwa dhidi yako. Rudi nyuma."

Kaka mtu akaiachia plagi.

Vidole akafungua ukurasa wa mwanzo na mwisho. Kwenye kioo cha kijani, namba ya kichwa haikuwa sifuri. Kaka yake angetaka kweli kuficha, kuna amri ya kukata moja kwa moja, sauti ikabaki fupi na namba ikarudi sifuri, na hapo hata malaika asingejua. Lakini mshonaji ni mshonaji. Akipunguza suruali hatupi kitambaa. Anakipinda kwa ndani, maana mwenye suruali anaweza kunenepa. Ndivyo alivyomfanya Mama. Alimpinda tu, moyo haukumruhusu kumkata. Vidole alizungusha gurudumu mpaka namba ikafika sifuri, akabonyeza, na chumba kizima kikasikia pumzi ikivutwa.

"Hamtauza nyumba hii mgawane."

Ha! Silabi moja tu, pumzi na irabu, na nyumba imerudi kusimama. Vidole alicheka na kulia kwa mpigo.

"Mwizi!" alimgeukia kaka yake. "Umemwibia Mama mdomoni! Maiti haijapoa unamgeuzia kauli! Mnunuzi amekupa nini, eh? Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu."

"Mjomba, umesikia? Umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia," Mjomba alisema, na uso wake ulikuwa umeingia kivuli. "Kijana, katika maisha yangu nimewatoa watu uwanjani kwa makosa madogo kuliko hili."

Kaka mtu alisogea karibu na mdogo wake, akamwambia kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza akimtazama machoni, "Umepata ulichotaka. Nyumba haiuzwi. Sasa nakuomba, mdogo wangu, ishia hapo. Usiguse mkia."

Laiti angemsikiliza! Lakini Vidole alikuwa na hasira, na mwenye hasira akiambiwa usiguse, mkono wake ndio kwanza unamwasha. Alitazama kioo. Ni kweli: namba ya mkia nayo haikuwa imefika mwisho. Bado kulikuwa na Mama ndani, amekunjwa kizani.

"Leo tutamsikia wote," alisema. "Mama aachwe aseme."

Akazungusha gurudumu mpaka likagoma, akabonyeza, akashikilia.

"Hamtauza nyumba hii mgawane. Ni yako, mwanangu, wewe uliyeniuguza. Mdogo wako ana ma—"

Hapo sauti ikakatika. Hakuna aliyeinyoa pale. Ni kumbukumbu ya mashine iliyojaa. Vidole aliendelea kukandamiza kinanda, hata baada ya kimya kuingia, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Alielewa yote kwa wakati mmoja, na ilimuuma kila mahali. Nyumba ilikuwa ya kaka yake peke yake. Kaka yake alilijua hilo tangu siku ile Mama alipofunga mdomo. Angeweza kunyamaza, akaileta disketi ilivyo, akapewa ufunguo mbele ya Mjomba. Badala yake alificha silabi moja kichwani na sentensi mbili mkiani ili nyumba iuzwe, wagawane nusu kwa nusu, na mdogo wake asije akasikia kwamba hakuachiwa kitu. Na yeye amemwita mwizi.

"Ana nini?" Mjomba aliuliza. "Mdogo wako ana nini? Mbona imekatika?"

"Imejaa," Vidole alijibu.

"Neno la marehemu halitiwi kiraka. Nyumba ni ya kaka yako, hilo limekwisha. Lakini nataka kujua wewe kakupangia nini, maana nisipojua nitakuambia ubebe ulicho nacho uende. Wewe ulikuwepo," akamgeukia kaka mtu. "Alimalizia vipi?"

Kaka mtu alilamba midomo. "Alisema... ana mahali pake. Mdogo wako ana mahali pake. Akakionyesha chumba hiki kwa kidole."

"Mahali pake?"

"Ndivyo, Mjomba."

"Wewe leo umeshanidanganya mara moja." Mjomba akamnyooshea Vidole kidole. "Na wewe ndiye mwenye masikio. Mashine yako, mama yako. Sikiliza mwisho wake vizuri uniambie: ni mahali, au si mahali?"

Vidole alichomeka vipokea sauti vya masikioni, akavivaa. Akasogeza kichwa cha sauti mpaka karibu kabisa na mwisho, ikabaki ile "ma" peke yake, kisha akaenda kushoto kwa kinanda, chini kabisa, kule ambako sauti hujikokota. Mama akatoka kama zimwi, polepole, mmmaaaa. Na baada ya irabu, kabla ya pale sauti inapokatika, kulikuwa na uzi mwembamba wa hewa.

Alirudia. Hewa ya "h" hutoka kooni, laini, ya joto. Hii ilikuwa ya meno. Ilikuwa inachoma kidogo, inaanza kuzomea.

Mash.

Mdogo wako ana mashine yake.

Basi ndivyo Mama alivyomwona. Amelala kitandani akisubiri mlango usukumwe, akahesabu kimoyomoyo binti yake ana nini duniani, akapata sanduku la chuma. Vidole hakuweza kumlaumu. Angekuwa yeye, angesema hivyo hivyo, pengine kwa ukali zaidi. Machozi yalimdondokea juu ya kinanda.

Alipoinua uso, kaka yake alikuwa akimtazama. Hakutikisa kichwa wala kukonyeza. Alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia, amefanya alichoweza.

"Haya, mpwa wangu," Mjomba alisema. "Nasubiri."

Muda mfupi uliopita Vidole mwenyewe alikuwa akipiga kelele kwamba Mama aachwe aseme.

"Mahali," Vidole alisema. "Ni mahali, Mjomba. Nimesikia hewa ya 'ha'."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mjomba alimkazia macho, kisha akamkazia kaka mtu, kisha akaitazama mashine, ambayo haikuwa na la kuongeza. Akachukua kofia yake. "Nyumba ya kaka, chumba hiki cha dada. Tumemaliza." Wakasikia viatu vyake vikivuka sebule, na mlango wa mbele ukifungwa.

Walibaki wawili na mvumo mdogo wa feni ndani ya sanduku. Vidole alivua vipokea sauti.

"Kaka, nisamehe."

"Umesikia nini humo?" kaka yake aliuliza.

"Nimesikia ulichosikia wewe."

Kaka mtu akakalia kiti cha Mjomba, akajifunika uso kwa viganja vyake vya mshonaji vilivyojaa makovu ya sindano, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Vidole alimsogelea, akapiga magoti, akamshika.