Neno Achia

Mzee aliyekuwa kwenye foleni ya zahanati alisimama akisubiri kuitwa. Jina lake likatokea kwenye skrini, kisha programu nzima ikaanguka, skrini ikabaki nyeusi. Mganga mkuu hakupandisha sauti. "Ijumaa isipofanya kazi, natafuta wengine," alisema.

Programu hiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza, mimi na kaka yangu, na yeye alikuwa ameshanionya: hii ikiharibika, anakwenda kuajiriwa. Nilikuwa na hofu, maana bila yeye nisingefika mbali. Kaka aliandika sehemu nzito, ile inayogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Mimi niliandika skripti nyepesi, yaani amri fupi za kuitumia, ambazo hata wauguzi wangeweza kuzirekebisha. Kila mgonjwa alikuwa kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kaka anakiunda, skripti yangu inakitumia, mwishowe kinafutwa ili nafasi isijae.

Nilisoma kazi yake, nikasoma yangu, nikachanganyikiwa kabisa. Kila upande ulikuwa sawa.

"Hapa umeandika *achia*," nikamwambia. "Si ndiyo unaniachia mimi?"

"Nikuachie nini? Naachia, basi. Nakifuta."

"Kaka! Mimi nilidhani kama baba alivyotuachia nyumba."

"Mimi nilimaanisha kama mtu anavyoachia kamba."

Tulitazamana, kisha tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Siku zote hizo yeye alikuwa anakifuta kitu, na mimi nakiita jina kikiwa hakipo tena, nikidhani nimekabidhiwa. Tukalifuta neno lile kila mahali, tukaweka mawili: *kabidhi* na *futa*. Ijumaa mzee yule aliitwa, akaingia kwa daktari, na skrini ikamwita anayefuata.

Ajabu ni kwamba kilichomwondoa kaka si kushindwa. Programu ilisifiwa, sifa zikafika kwenye kampuni kubwa, wakamwita. Sikuamini mpaka nilipoona begi lake mlangoni. Aliweka ufunguo wa ofisi juu ya kibodi yangu, akanishika bega.

"Haya, mdogo wangu. Nakuachia."

Nilianza kucheka, nikidhani ananitania. Uso wake haukuonyesha kitu. Nikataka kumuuliza ni lipi kati ya yale mawili, lakini teksi ilipiga honi, naye akashuka ngazi.

Programu bado ninaitunza mwenyewe, hata ile sehemu nzito. Kaka hupiga simu mara mojamoja, tunaongea habari za watoto na afya ya mama. Ufunguo ninao. Sijamuuliza.