Neno Lisilofika Jikoni

Hivi, umewahi kukariri Neno la Mungu jumuiyani, likakuponyoka mlangoni kwako? Bibi Beatrisi wa Nguvumali lilimponyoka kila Alhamisi. Leo alirudi akilirudia njia nzima, akamkuta Ritha, mkaza mwanawe aliyetoka Amani, milimani kusikoota minazi, akikuna nazi mpaka weupe umechanganyika na weusi wa kifuu.

"We Ritha! Mwaka wa pili huu, bado watulisha vifuu?"

Ritha akainuka kwenye mbuzi ya nazi, akapangusa mikono. "Mama, huko jumuiyani mmesoma nini leo?"

"Uvumilivu," akajibu Beatrisi, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Haya. Mimi kesho narudi kwetu."

Beatrisi alijichukia. Neno analijua lote, mbona halikai? Akavuta kigoda, akaketi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema mwishowe. "Usiende."