Dhambi za Jirani

Darasa la tatu walikuwa wakifanya mazoezi ya kuungama. Sista alijibanza nyuma ya mlango wa kabati la vitabu akajifanya padri, na watoto wakapanga foleni, kila mmoja na dhambi zake kwenye karatasi.

Chiriku, msichana aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa amekuna kichwa tangu asubuhi asipate hata dhambi moja. Basi akachungulia karatasi ya jirani yake wa dawati, akanakili zote nne kama hesabu za kugawanya.

Zamu yake ilipofika alipiga magoti, akasoma kwa sauti ya mbiu: "Nimelamba sukari ya mama. Nimempiga teke mdogo wangu..."

"Una mdogo, wewe?" Sista aliuliza.

"Sina, Sista. Mimi ndiye kitinda mimba."

Kwenye foleni, jirani yake akaangua kilio. "Sista, hizo dhambi ni zangu! Kaniibia!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Sista akachomoza kichwa, midomo ikimcheza.

"Futa zote nne, mwanangu. Andika moja tu: nimeiba."

Chiriku akakimbilia penseli yake, uso ukimng'aa. Hatimaye alikuwa na ya kwake.