Mtembezaji Aliyekaukiwa na Sauti

Jumamosi nyingine tena nilifunika cherehani yangu mapema nikakimbilia bustani ya miti katikati ya jiji, kusikiliza historia ambayo nimeshaihifadhi kichwani neno kwa neno. Miti sikuwa na haja nayo. Nilimfuata mtembezaji wa wageni, na siku hiyo nilikuwa nimeapa kumwambia kwamba nampenda, liwalo na liwe.

Nikamkuta langoni amezungushia shingo skafu, sauti imemkauka kabisa. Wageni wanaguna, wengine wameanza kugeuza njia. Nikajitosa.

"Mimi naijua," nikasema. "Nifuateni."

Basi nikatangulia, mwenye kazi yake nyuma yangu. Nikawaonyesha bwawa: hapa lilikuwa shimo la udongo, na nusu ya nyumba za jiji zilijengwa kwa matofali yake. Udongo ulipokwisha, shimo likajaa maji na mbu, mpaka wafyatua matofali wenyewe wakaleta miche wakaotesha msitu huu wa mivinje. Mtembezaji akamnong'oneza bibi mmoja aliyekuwa karibu naye, na bibi akatangaza kwa sauti ya sokoni:

"Anasema si mivinje, ni mikaratusi."

Nikasahihisha, nikasonga mbele. Tukafika penye miti miwili iliyoinamiana, kipande ninachokipenda kuliko vyote. Nikasimulia jinsi mfyatua matofali mmoja alivyoipanda kwa ajili ya binti aliyekuwa akija kumtazama kazini, asije akafukuzwa na jua. Kina mama wakashusha pumzi. Mtembezaji akatikisa kichwa, akamnong'oneza bibi, safari hii kwa kirefu. Bibi akanitazama juu hadi chini, kisha akacheka mpaka akajishika kwenye mti.

"Anasema hiyo haimo kwenye historia. Aliitunga siku uliyoanza kuangalia saa, ili usiondoke. Na ile hadithi nyingine, ya kobe wa bwawani, aliitunga pia."

Kumbe! Ndiyo maana matembezi yalizidi kurefuka kila wiki, na mimi nikidhani bustani ina mambo mengi. Nilicheka, nikataka kulia, nikataka kuparamia mti.

"Bibi," nikasema mwishowe, "mwambie nami nampenda."

"Mwambie mwenyewe, mwanangu. Kilichokauka ni koo. Masikio anayo."