Vioo Sita Vilivyosafiri

Kilima kwanza, kisha bonde. Mchoro ule ulijitokeza kwenye kompyuta saa nne asubuhi, wiki ya pili ya Januari, nami nikabaki nikiutazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

Desemba, vioo vilevile sita vilikuwa vimenipa mstari ulionyooka. Kazi yangu ilikuwa kukisogeza kila kioo, kidogo kidogo, mbele ya leza ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni, na kupima unavyotokea upande wa pili. Kioo cha kawaida huupitisha tu. Kioo tulichokitafuta sisi huupinda kadiri unavyozidi kuwa mkali, na hapo ndipo mchoro hupanda na kushuka. Mwaka mzima nilikuwa nimepata mistari mitupu. Ufadhili wangu ulikuwa unaisha Juni, na bila matokeo hakuna shahada.

Nikapima mara ya pili, mara ya tatu. Kilima, bonde. Ila nikisubiri, kilima kilizidi kukua taratibu, kama kitu kinachopata moto. Nikabadilisha lenzi, nikahamisha meza, nikalala nikiwaza na kuamka sielewi. Furaha na mashaka vilinikaa kifuani pamoja, na sikujua nisikilize kipi.

"Usiikimbie bahati yako, Nyangi," alisema Dakta Philomena, msimamizi wangu, ambaye kwa kawaida hakuamini hata saa ya ukutani. Makala yetu kuhusu matokeo hayo ingetumwa kwa jarida Jumanne baada ya Pasaka.

Pasaka nikaenda nyumbani Nyamwaga na vioo vyangu ndani ya kisanduku, kama nilivyofanya Krismasi. Chuoni umeme huzimwa sikukuu, mashine ya kukausha hewa nayo husimama, na vioo vile huharibiwa na unyevu.

Jumatatu alfajiri mama alinisindikiza hadi mlangoni na kibuyu chake cha samli. Mama hakuruhusu chochote kiondoke kwake kikavu. Alinipaka paji la uso nilipokwenda bweni mara ya kwanza, akazipaka pembe za mtamba aliyekwenda kwenye mahari ya kaka. Nilikuwa nimezoea kiasi kwamba sikuona tena. Alipomaliza kunipaka mimi, alipiga magoti, akafungua begi langu na kutoa kisanduku.

"Navyo vinarudi leo?"

"Mama, unafanya nini?"

"Navipaka. Hata Krismasi si nilivipaka, wakati unaoga? Kidogo tu, nikapangusa na kanga." Akanitazama usoni. "Kwani havikufika salama?"

Nilikaa chini palepale kizingitini. Miezi mitatu leza yangu ilikuwa inapasha samli. Utando mwembamba usioonekana ulipata joto, ukaupinda mwanga, na sisi tulikuwa tukivifuta vumbi kwa brashi laini tu, tukiogopa kuvikwaruza.

"Vilifika, mama."

Hakuna ambaye angejua. Nasema wazi kwamba nilitamani kunyamaza; nilitamani hata kumwacha amalizie kazi yake, vioo vikavu visije vikanisaliti. Mama aliushika mkono wangu kwa vidole vyenye mafuta.

"Nimekosea?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye sikuuliza."

Simu ilishika mtandao nyuma ya zizi, juu ya kichuguu. Nilipanda pale na viatu vyangu vya safari.

"Shikamoo, Dakta. Naomba usitume makala."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Ni samli."

Nikamweleza habari ya kibuyu na kanga ya mama.

"Samli," alirudia. "Haya. Rudi tuvioshe."

Jumanne mchana tulivisafisha kwa kitambaa laini chenye spiriti, kimoja baada ya kingine, tukapima. Mstari. Mstari. Tulipofika cha sita sikuwa naangalia tena. Ufadhili uliisha Juni kama ilivyopangwa, na shahada niliipata miaka mitatu baadaye, kwa vioo vingine.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kile kitambaa. Dakta Philomena alikilowesha spiriti iliyobaki, akaninyooshea, akanionyesha paji langu la uso. Sikuwa nimenawa tangu nyumbani.

"Na hapo panang'aa," alisema.

Nilikipokea, nikamshukuru, nikafuta meza.