Blanketi la Bibi Edina

Blanketi lilipotolewa kwenye mfuko wake wa plastiki na kukunjuliwa mbele ya watu, jekundu, zito, lenye picha ya simba, vigelegele vililipuka sebuleni kwa Dorkasi hata kuku wa uani wakatawanyika. Mzee Yotham, mshenga wa upande wa bwana harusi, alilinyanyua kwa mikono miwili akauliza kwa sauti ya mtu aliyeizoea kazi yake, "Haya, bibi mzaa mama yuko wapi tumfunike?" Akainuka bibi mmoja mwenye miwani, kitenge chake kimepigwa pasi kikanyooka, ngozi inang'aa mafuta. Alipendeza kweli. Tatizo ni kwamba hakuwa bibi wa mtu yeyote mle ndani.

"Ndiye huyu?" Mzee Yotham akauliza, kwa adabu tu, maana hakuwa na sababu ya kushuku.

"Ndiye," akajibu Dorkasi.

Neno lilimtoka kirahisi mno. Shemeji yake Stanley, aliyekuwa msemaji wa upande wao tangu kaka yake, mume wa Dorkasi, alipofariki, akakohoa na kuinamia zulia. Bibi Anna mwenyewe, jirani wa nyumba ya tatu aliyekuwa amesimama pale akingoja kufunikwa, alimgeukia Dorkasi macho yamemtoka. Asubuhi aliombwa aje kukaa na wageni, labda apokee blanketi kwa niaba ya mgonjwa. Hakuna aliyemwambia kwamba angegeuzwa kuwa mama wa mtu. Lakini blanketi lilikwishamfika mabegani, na vigelegele vikaanza upya, naye akaliacha palepale kwa kumwonea huruma mwenye nyumba.

Katika ukoo wao ng'ombe wanaweza kubishaniwa mpaka jua lizame, na koti la babu linaweza kusubiri mwezi ujao. Blanketi la bibi mzaa mama halisubiri. Bibi hufunikwa siku ileile, kisha binti anayeposwa huitwa kutoka chumbani, anapiga magoti ubavuni mwake, wanafunikwa pamoja. Bibi akitulia chini ya blanketi, amekubali. Akilivua, wageni hukusanya vitu vyao wakarudi walikotoka, na posa imekufa. Dorkasi alijua haya yote. Yeye mwenyewe alifunikwa hivyo siku yake, huko Hombolo.

Ni mama yake ndiye aliyemshinda. Bibi Edina alikuwa amehamia hapa Nkuhungu, kwa Dorkasi, baada ya kufiwa na mumewe, na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Dorkasi ni fundi wa mapazia na vitambaa vya makochi, na nyumba yake mwenyewe ndiyo tangazo la biashara: televisheni imevikwa, jokofu limevikwa, hata jagi la maji lina kofia yake ya shanga. Kisha mwili wa bibi ukaanza kumsaliti. Siku ya ibada ya jumuiya, kina mama wamejaa sebuleni, wimbo umekolea, mkojo ulimponyoka palepale kwenye kochi jipya. Mama mmoja alisogea pembeni huku akikusanya sketi yake, na mwingine akafungua dirisha. Hakuna aliyesema neno, na kwa Dorkasi hilo lilikuwa baya kuliko kusemwa. Tangu siku ile, wageni wakibisha hodi, bibi alipelekwa chumba cha uani.

Na asubuhi ya posa bibi aliamka vibaya. Shuka lilikuwa limelowa, gauni alilobadilishwa likalowa nalo, na wakwe watarajiwa walikuwa wameshapiga simu kwamba wanatoka Chamwino. Dorkasi alisimama katikati ya uani na beseni mkononi, akamwona yule mama wa dirisha akilini mwake, akamwona mama mkwe mtarajiwa wa binti yake Loisi akiziba pua. Akakata shauri. Alimwingiza mama yake kwenye chumba cha uani, akampa chai, akatoka, na asije akatokeza wakati wa maneno, akasukuma komeo kwa nje.

Sasa binti akaitwa.

Loisi alitoka chumbani amejitanda khanga kichwani, anatembea polepole kama alivyofundishwa. Akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akasema anawafahamu. Akaulizwa kama mahari ipokelewe. Akasema ipokelewe, na vijana wa upande wa pili wakapiga makofi. "Basi, mama," Mzee Yotham akasema kwa upole, "piga magoti hapo kwa bibi yako, tukufunike."

Loisi akainua macho. Alimwona Bibi Anna ndani ya blanketi, akijipepea kwa mkono. Kisha akamtazama mama yake.

Dorkasi hakuweza kuyahimili macho yale. Alitaka kumwashiria, piga magoti tu mwanangu, tutaongea baadaye, nitakueleza. Shingo ikagoma. Alijua sasa kwamba binti yake akisema ukweli, posa itavunjika kwa aibu, na akinyamaza, ataanza ndoa yake kwa uongo ambao mama yake ndiye aliyemtungia. Angeweza kuingia chini ya zulia lile angeingia, abaki hukohuko.

"Shikamoo bibi," Loisi akasema, akimpigia goti Bibi Anna.

"Marahaba, mjukuu wangu," Bibi Anna akajibu.

Loisi akainuka. "Wazee wangu, naomba radhi. Huyu ni bibi yangu, amenilea hapa mtaani. Ila bibi mkubwa yuko uani. Naomba nikamlete."

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Sebuleni kila mtu alisikia komeo likivutwa: chuma juu ya chuma, kra! Mama mkwe akamgeukia mumewe. Mzee Yotham akamtazama Stanley, Stanley akalitazama zulia lake. Dorkasi alikuwa amefumba macho. Alisikia sauti ya mama yake huko nje ikiuliza kitu, na Loisi akijibu, na maji yakimiminwa.

Walichukua muda. Bibi Edina alipoingia alikuwa amevikwa khanga ya Loisi, ileile iliyokuwa kichwani mwa binti, na chini yake pindo la gauni bado lilikuwa bichi. Harufu haikujificha. Mtu mmoja akajisogeza ampishe kwenye kochi, bibi akatikisa kichwa.

"Mimi nipeni mkeka," akasema. "Makochi yananiumiza mgongo."

Dorkasi alijua kwamba mgongo wa mama yake haukuwa na neno.

"Shikamoo mama," Mzee Yotham akaanza, naye akiwa mtu mzima mwenye mvi. "Tusamehe. Sisi tuliambiwa…" Akasita. Hakutaka kuimalizia sentensi yake.

"Marahaba, baba. Mbukwenyi wote." Bibi aliwasalimu kwa Kigogo, akakaa, akapanga miguu yake taratibu, akavuta pumzi. "Mmesikia komeo, nawaona nyuso zenu. Ni mimi nilimwambia huyu Dorkasi afunge. Mbuzi wa jirani hawana adabu hata kidogo, wanaingia mpaka kitandani. Na huyu mwenzangu nilimwomba anishikie nafasi. Nilisema mwili hauniruhusu leo, sitaki kuwatia wageni kinyaa. Binti yangu alikataa kabisa, tumebishana tangu asubuhi. Nikamlazimisha. Kama kuna kosa, nidaini mimi."

Wazee wakacheka, kwanza kidogo, kisha kwa kufunguka, kama watu waliotuliwa mzigo. Mbuzi! Bibi Anna akavua blanketi haraka, akapiga magoti na kumpa mwenyewe kwa mikono miwili, huku akifuta miwani. Mzee Yotham akalitandaza juu ya bibi na mjukuu, simba akawaangukia magotini. Watu wakangoja. Chini ya blanketi Loisi alikuwa akilia bila sauti, mabega yanampanda na kushuka. Bibi Edina alimshika mkono, akatulia tuli.

Vigelegele vya safari hii vilifika barabarani.

Mzee Yotham akasimama kumalizia maneno yake. "Mama Loisi," akasema, "nimekuwa mshenga miaka mingi. Nimeona watu wanaowasahau wazazi wao vijijini. Wewe umemleta mama yako kwako, unambembeleza hata mnabishana kwa kumpenda. Binti aliyetoka mikononi mwako hatuna shaka naye. Tunakushukuru sana."

Wakampigia makofi. Mama mkwe alikuja kumkumbatia, na Dorkasi akakumbatiwa, mikono yake ikining'inia. Alifungua mdomo. "Asanteni," akasema. Hilo ndilo neno alilolipata, na alilichukia kadiri lilivyokuwa likitoka.

Chakula kilipoanza kugawiwa, wali na nyama ya mbuzi, Loisi alimpeleka bibi yake chumbani mwake mwenyewe, si uani, akamlaza. Alimpita mama yake kwenye korido akiwa na beseni, bila kumtazama. Dorkasi alisimama mlangoni muda mrefu, sahani mkononi. Kisha akaingia, akaiweka sahani chini, akapiga magoti kando ya kitanda. Mama yake alikuwa amelala chali, blanketi jipya limemfika kidevuni.

"Mama," akasema. "Mama, ni mimi niliyekufungia. Nilikuonea haya. Niliwaambia yule ndiye mama yangu. Nitatoka sasa hivi niwaambie wote…"

Bibi Edina akautoa mkono chini ya blanketi, akamziba mdomo.

"Najua," akasema. "Sema polepole. Wageni hawajaondoka."