Siku Luciana Alipotaja Wilaya Yake

Luciana alikwenda kuchukua mlango, basi. Hilo lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu huko alikofika yalisemwa mengi juu yake: kwamba alitumwa, kwamba alikuja na kinyongo cha siku nyingi. Hakutumwa na mtu. Alikuwa mwanamke wa Kifipa mwenye mtoto wa wiki sita na nyumba mpya isiyo na mlango.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa operesheni ya vijiji, watu wa vitongoji vya kule nyuma ya Mwazye walipoambiwa wahamie kijiji kipya kando ya barabara. Lori lilikuja Jumanne. Jumatano kitongojini hakukuwa na mtu. Zenon, mume wa Luciana, alipakia magunia ya ulezi, vyungu, kuku, na mama yake mzazi, Josefina. Mlango akausahau. Na ulikuwa mlango kweli, wa mninga, kazi ya fundi wa misheni, na Zenon mwenyewe alikuwa ameuringia tangu siku ya harusi. Ndivyo walivyo wanaume, wanakumbuka kuku wanasahau mlango.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Luciana alimnyonyesha Beda mpaka mtoto akaachia mwenyewe, akamkabidhi kwa bibi yake.

"Mama, jua likifika utosini nitakuwa nimesharudi."

"Usikawie," Josefina alisema. "Huyu akianza kulia mimi sina cha kumpa."

Hakuwa anatania. Uji, mtoto wa wiki sita hanywi. Maziwa ya ng'ombe waliyajaribu mara moja, Beda akatapika kutwa nzima hadi macho yakaingia ndani. Alikuwa na chakula kimoja tu duniani, na chakula hicho kilikuwa kinatembea kwa miguu kwenda kutafuta mlango.

Nyumba ya zamani aliikuta nyasi zimeshaingia mpaka ndani. Aling'oa mlango, akajitwika kichwani juu ya kata ya nyasi, akainama kupita kizingitini, akatoka nje.

Nje haikuwepo.

Hapakuwa na uwanja wala kihenge wala njia ya kisimani. Palikuwa na mbuga ya nyasi za buluu, na juu yake majua mawili, moja kubwa na moja dogo kama kisahani. Mbele yake mto ulikuwa unapanda mlima. Luciana aliukazia macho, akidhani ni kizunguzungu cha mzigo, lakini mto uliendelea kupanda taratibu, na maji yake yakifika juu yalikunja kona na kuingia mjini. Mji wenyewe ulikuwa hewani. Nyumba zilining'inia bila kamba, moshi wa mapishi ukitoka humo kama kawaida.

"Yesu na Maria!"

Aligeuka arudi ndani. Nyumba haikuwepo nayo. Alipita pale palipokuwa na kizingiti akienda mbele, akapita kinyumenyume, akapita kwa ubavu, mlango ukiwa bado kichwani. Nyasi zile zile za buluu. Alijifinya mkono, ukauma. Titi la kushoto lilianza kujaa, na hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa, maana ndoto haijazi titi.

Akaelekea mjini na mlango wake. Usiniulize kwa nini hakuutupa. Mtu aliyepoteza dunia nzima hawezi kuambiwa apoteze na mlango.

Chini ya mji, kando ya mto, palikuwa na lango, na langoni walisimama walinzi wawili warefu na bibi kizee aliyeketi juu ya mkeka. Luciana alitua mzigo, akapiga magoti, akapiga makofi ya polepole jinsi wanawake wa Ufipa wanavyomwamkia mkubwa. Bibi akaitikia kwa makofi vilevile, na alipofungua kinywa kilitoka Kifipa. Kilikuwa Kifipa cha zamani sana, cha bibi wa bibi yake Luciana, lakini kilieleweka.

"Umepotea," bibi alisema.

"Nimepotea, bibi. Nina mtoto wa wiki sita. Hana kingine cha kunyonya ila mimi."

"Usilie. Wewe si wa kwanza kuponyoka. Mwaka juzi aliingia mwanamume na ng'ombe wake, tukawarudisha wote wawili, na ng'ombe hata hakujua kama alisafiri. Nitakufikisha kabla mwanao hajaamka."

Luciana alishusha pumzi, akaanza hata kutazamatazama. Kila mtu pale alikuwa na kifuko cha ngozi shingoni, wakubwa kwa wadogo. Akauliza ni cha nini.

"Uchawi wetu," bibi alijibu, kama mtu anayesema chumvi yetu.

Luciana akapiga ishara ya msalaba. Kwao mtu alifukuzwa kijijini kwa neno hilo, hata likisemwa kwa mnong'ono. Hapa ndilo lililoshikilia nyumba hewani na kupandisha maji. Kando ya lango mama mmoja alimgusisha mwanawe mchanga kifuko midomoni, mtoto akacheua kwa shibe na kulala. Kifua cha mama huyo kilikuwa bapa kama cha mwanamume. Wanawake wa pale hawakuwa na maziwa, wala hawakuwahi kuyahitaji. Luciana alishtuka, kisha akaamua kwamba siku hiyo hata uchawi ni sawa, mradi umfikishe kwa Beda. Padri angeambiwa baadaye.

Bibi alifungua kifuko chake akavuta uzi mwembamba wa mwanga, akaushika ncha kwa vidole viwili.

"Njia yako hii hapa. Panda juu ya jiwe lile, utaje kwenu kwa sauti kubwa, njia isikie. Mara moja tu, usirudie."

Kuna jambo moja bibi hakulisema, maana kwake lilikuwa wazi kama maji. Jiwe lile lilikuwa jiwe la amri. Lililotamkwa juu yake kwa sauti, kila mtu wa mji angelitii, na hapakuwa na kuuliza. Wageni wote waliotangulia walitaja vijiji vyao, majina ambayo mle mjini hayakuwa na maana yoyote, yakapita.

Luciana akapanda. Watu wakaacha kazi zao, wakamwinulia nyuso. Sasa, kwao ni wapi? Kitongoji cha zamani kilikuwa kimefutwa, na walikatazwa hata kukitaja. Kijiji kipya kilikuwa bado hakijapewa jina, wazee wanabishana. Lakini Adolfu, balozi wao wa nyumba kumi, alikuwa amewapanga mstari akawafundisha jibu: ofisa akikuuliza unatoka wapi, usigugumize, toa kifua mbele, taja wilaya. Luciana akatoa kifua mbele.

"SUMBAWANGA!"

Kila Mfipa anajua jina hilo ukilikata katikati linasema nini. Tupa uchawi. Anajua, ila hasikii, kwa kuwa ni jina la mjini, la hospitali na soko, na mdomo umelizoea. Luciana alilisikia kwa mara ya kwanza maishani pale juu ya jiwe, alipoona nyuso za wale watu zinabadilika.

Mlinzi wa kwanza alipeleka mkono shingoni. Akakata kamba, akatupa kifuko mtoni. Mlinzi wa pili akafuata. Kisha wakaanza wote, wazee, wasichana, mama mwenye mtoto, wanakata na kutupa, wengine wanalia, na mikono haisiti.

"Hapana! Ni jina tu! Ni jina la mji!"

Hakuna aliyegeuka, jiwe lilikuwa limeshachukua neno lake moja. Nyumba ya kwanza ilishuka ikatua kwa kishindo, ikapasuka ukuta. Ikafuata ya pili, na ya kumi. Mto ukasimama mlimani, ukatulia kidogo, halafu ukageuka na kuteremka kwa nguvu, ukavizoa vifuko vyote ukapotea navyo mbugani. Nyuso zile Luciana alizijua. Aliziona Jumanne ile ndani ya lori: watu wametii kwanza, na sasa wanatazamana na kuulizana ilikuwaje, na nyumba hawana.

Aliruka chini akamkimbilia bibi. Vidole viwili vya bibi vilikuwa vimeshikana bado, na katikati yake hamkuwa na kitu.

"Nirudishe, bibi."

"Kwa kipi, mwanangu? Umeniamuru nitupe, nami nimetupa. Mimi ndiye bibi wa lango, ningeanzaje kukaidi?"

"Uchawi wako utaupata lini tena?"

"Unakusanywa kidogo kidogo. Kifuko changu kilijaa kwa miaka ishirini."

Luciana akaketi juu ya vumbi. Miaka ishirini! Beda atakuwa na ndevu, kama atakuwepo. Alimchukia Zenon na kuku wake, akamchukia Adolfu na kifua chake mbele, akajichukia mwenyewe kuliko wote, akapiga ardhi kwa ngumi mpaka mkono ukachubuka.

Kilio ndicho kilichomnyanyua. Wachanga wa mji mzima walikuwa wameanza kulia, kilio cha njaa ambacho mama zao hawakuwahi kukisikia, na wanawake wale walikuwa wanawatikisa tu, hawajui wafanye nini. Mama wa pale langoni alimjia, macho yake yameganda kwenye gauni la Luciana lililolowa kifuani. Akamnyooshea mtoto.

"Haya si yako," Luciana alifoka. "Ni ya mwanangu!"

Mama yule hakurudisha mikono. Mtoto alikuwa wa kike, uso umeiva kwa kulia, anatafuta kwa mdomo hewani. Jua kubwa lilikuwa limefika utosini. Luciana akajua kwamba saa hiyo, kando ya barabara, Beda naye amefungua kinywa, na Josefina anazunguka naye chumbani hana cha kumpa. Nyumba za kijiji kipya zimepangwa mistari, ukuta kwa ukuta, mtu akikohoa wa pili anasikia. Nyumba ya pili yuko Kristiana, amejifungua mwezi mmoja na Luciana. Hawasalimiani vizuri. Lakini atasikia. Hawezi kukosa kusikia.

"Mnyonyeshe, Kristiana," alisema kwa sauti, machozi yakimtiririka. "Nakuomba, mnyonyeshe."

Akafungua vifungo vya gauni, akampokea mtoto asiyemjua jina, akampa titi.